Eda ya Mzungu wa Kitabuni

Kitabu kilinifikia Fumba, siku ya hitima ya shangazi yangu, kikiwa kimeviringwa ndani ya kanga kuukuu. Nilipokifungua, harufu yake ilinifika kabla macho hayajagusa herufi hata moja: karatasi zilizokula unyevu wa miaka, karafuu kavu zilizotiwa baina ya kurasa kufukuza wadudu, na kwa mbali mafuta ya taa. Wenzangu mliokulia mjini zama zile mnaijua harufu hiyo. Ni ya masanduku ya mama zetu, yale yaliyokaa chini ya kitanda na funguo zake kufungwa kwenye pindo la kanga. Nilikaa mkekani na kitabu mapajani, wanawake wakipakua pilau pembeni yangu, na nilipoitwa sikuitika. Nilikuwa nimesharudi Mkunazini, ghorofa ya juu, wakati wa alasiri, mtoto wa kike mwenye mapengo ya meno.

Wazee wangu walikuwa Pemba, baba kahamishiwa huko kikazi, nami nikaachwa kwa Bibi ili nisome. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya ngazi nyingi na mwanga kidogo. Mtu akitoka juani alilazimika kusimama chini ya ngazi kwanza, macho yazoee, ndipo apande. Mpaka leo nikiota ndoto nzuri huwa naota nasimama pale chini, gizani, nasikia sauti za wanawake zinateremka kutoka juu, maneno hayasikiki sawasawa, ila najua wananingoja mimi.

Juu tulikaa watatu: Bibi, mimi, na Shangazi Salama, mtoto wa mwisho wa Bibi. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mizuri na hasira za chini chini, mwanamke wa kukufinya huku anawachekea wageni. Mume wake, Ami Hafidh, hakuwepo. Mimi nilimjua kwa vitu vyake tu: kofia yake msumarini, brashi yake ya ndevu dirishani, na mwavuli wake mweusi wenye mkono wa pembe, uliotundikwa nyuma ya mlango. Vitu hivyo vilipanguswa vumbi kila Ijumaa na kurudishwa palepale. Niliwahi kuuchukua ule mwavuli nichezee harusi, nikapigwa kofi ambalo sikuielewa sababu yake.

Ami Hafidh alitoka asubuhi moja kwenda Mlandege kununua utambi wa jiko. Nimesimuliwa mara nyingi na Bibi, kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango. Wingu lilikuwa limefunga, Shangazi akamwambia, "Chukua mwavuli," naye akajibu, "Wa nini? Nnarudi sasa hivi." Mvua ikanyesha kabla ya adhuhuri. Hakurudi adhuhuri, hakurudi magharibi, Idd ikaja ikapita. Zilikuwa siku za baada ya Mapinduzi, na watu walikuwa wakitoka hivyo. Wengine baadaye ilisikika wako Mombasa, au Maskati, au Uingereza wanauza duka. Wengine haikusikika kitu. Watu hawakuulizana sana. Ukiuliza sana ulionekana unataka kujua kitu.

Kitabu kilikuwa chake. Alikuwa karani, Kiingereza anakijua, na kila jioni alikuwa akimhadithia mkewe kipande. Ilikuwa riwaya ya zamani sana ya Kiingereza, ya zama za yule malkia wao mzee aliyetawala mpaka watu wakamchoka, kuhusu mtu aliyepotea. Shangazi akimhimiza amwambie mwisho, Ami Hafidh alikuwa anacheka. "Mwisho ntakuhadithia mwenyewe," alimwambia, "na utashangaa." Ndipo akenda Mlandege. Shangazi alikuwa mwepesi wa Kurani, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu akikiandika vizuri kuliko wanaume wengi, lakini Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Kitabu kikalala sandukuni miaka, pamoja na karafuu zake.

Siku aliyokitoa naikumbuka kwa sababu alijitia wanja. Akateremka nacho ghorofa ya chini kwa Bi Zuhura, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisomesha wasichana, mwanamke mwembamba mwenye miwani na ulimi wa kukata. Walikaa huko ndani peke yao, mlango umefungwa, mpaka Bibi akaanza kuuliza kuna nini. Walipopanda juu pamoja, Bi Zuhura alikuwa na kitabu kwapani. Akasema kuanzia kesho, baada ya sala ya alasiri, atatusomea.

Basi ikawa hivyo msimu mzima wa kusi. Bibi na Shangazi walikuwa wakishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo zinazotaka macho ya kijana na subira ya mzee. Mama Agnes, jirani yetu fundi charahani, aliyekuwa akisali kanisani hapo hapo Mkunazini, aliwacha mashine yake akaja na nguo za kutia vifungo. Bi Zuhura alikaa karibu na dirisha la uwani, na dirisha la upande wa njiani lilifungwa. Hilo la kufunga dirisha sikulielewa. Nilidhani wanauzuia ukungu usitoke, kwa sababu kitabuni mlikuwa na ukungu mwingi, na mimi ukungu sikupata kuuona. Nilidhani ni moshi wa makumbi ya nazi, ule unaokaa chini chini asubuhi nyumba zote zinapowasha moto kwa pamoja.

Bi Zuhura hakutusomea Kiingereza. Alitupia jicho kwenye karatasi, kisha akakitoa Kiswahili kizima kizima. Vyakula asivyovipenda alivibadilisha. Watu wa kitabu kile walikunywa chai ya tangawizi na wakala mkate wa kumimina, na tajiri mmoja alikaribishwa sambusa. Mbwa aliyekuwemo aligeuzwa paka mpaka Mama Agnes alipouliza paka gani huyo anabweka. Kwa hivyo mimi sikuwa na sababu ya kujua kwamba mambo yale yametokea mbali, tena kwa watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Nilidhani ni Mzungu mmoja wa hapa hapa mjini, wa zile nyumba kubwa za upande wa pwani, na kwamba kitabu kile ni barua za habari zake.

Mzungu mwenyewe ni huyu. Bwana Tomasi, mwenye kiwanda cha mishumaa, alimuaga mkewe jioni moja ya mvua, akachukua mwavuli, akatoka kwenda kumtazama mgonjwa. Kwa mgonjwa hakufika. Asubuhi ukakutwa mwavuli wake umeegemezwa getini, umekunjwa vizuri, na mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyumbani alibaki mkewe, na mdogo wake Bwana Tomasi, na daktari mmoja mpangaji ambaye hakuvua glavu hata mezani. Hayo tu. Kurasa zote zilizobaki zilizunguka mwavuli ule mkavu, na sisi tukazunguka nao.

"Kauliwa na mdogo wake," Bibi alisema siku ya pili tu, na hakubadilisha tena. "Hamwoni kijana yule anavyoiangalia nyumba? Anapima mapazia na mwenye nyumba hata hajapoa."

"Hakuuliwa, Bi Mkubwa," Mama Agnes akajibu. "Kakimbia. Mwavuli mkavu, nani kauleta? Kauleta mwenyewe, alfajiri, mvua imeshakatika. Karudi kumchungulia mke wake."

"Afike mpaka getini asibishe hodi? Mwanamume gani huyo!"

"Mwenye hofu. Mwenye hofu habishi hodi."

Bibi akasonya. Bi Zuhura akasema yeye anamshuku daktari, kwa sababu amesoma na Waingereza na anawajua, mtu anayekula amevaa glavu ana jambo mikononi. Walizozana mpaka magharibi inakaribia. Bibi akamwambia Mama Agnes kwamba watu wa kanisani wana moyo laini, Mama Agnes akamwambia Bibi kwamba angekuwa hakimu mji mzima ungekuwa jela, wakacheka, wakagombana tena. Shangazi peke yake hakuwa na lake. Alishona. Ila wakisema kafa, au wakisema yuko hai, sindano yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Nilikuwa nimelala kwenye paja lake na nikiiona sindano kwa chini, inametameta, inasimama, inakwenda. Usingizi wa alasiri zile sijaupata tena. Sauti zao zilikuwa zikiniingia kwa vipande, mvua, geti, mke, hofu, na nilipoamka sikuwa na hakika kipi nimeota na kipi kimesomwa.

Nikaanza kumtafuta Bwana Tomasi. Nikitumwa dukani nilipitia vichochoro vya mbali, nikachungulia kwenye kumbi za nyumba zilizofungwa. Nilimtengenezea sura: ndevu nyekundu, koti jeusi, na mwavuli. Siku moja mvua ya ghafla ilinikamata Sokomuhogo. Nikajibanza mlangoni mwa watu, na pale penye kona nikamwona mtu amesimama, mrefu, amerowa mpaka magotini, mkononi ana mwavuli uliokunjwa. Mvua inapiga, na yeye mwavuli kaukunja. Nilimwita. Akageuka upande wangu, nadhani, kisha akaingia kichochoroni na sikumwona tena.

Nilipanda ngazi mbio. "Nimemwona! Nimemwona aliyepotea, Sokomuhogo, kasimama mvuani!"

Sindano zote zilisimama. Shangazi alikwishainuka kabla sijamaliza. "Alikuwaje?" akaniuliza, na akanishika mabega, na mikono yake ilikuwa baridi. "Alikuwaje, sema! Mrefu?"

"Mrefu."

Akateremka. Hakuchukua buibui, hakuvaa viatu. Tulimsikia akishuka ngazi zote zile mpaka chini, tukasikia komeo la mlango mkubwa, kisha kimya, na mvua. Bibi aliweka kofia chini. "We mtoto," akaniambia pole pole, "nani ulomwona?"

"Bwana Tomasi," nikasema.

Bibi akafumba macho. Hakunipiga. Mama Agnes akashuka kumfuata Shangazi, akamrudisha amejaa maji nyweleni, na siku ile hakikusomwa tena. Mimi niliyachukua yale nikayaweka pamoja kwa akili yangu yote: kumbe Shangazi naye anampenda Bwana Tomasi. Sikuona ajabu. Na mimi nilikuwa nampenda.

Sasa nimtaje Bwana Haji, maana bila yeye Bibi asingekuwa na haraka. Alikuwa mtu wa Fumba, kafiwa na mke, ana ng'ombe na minazi na kicheko cha aibu. Akija mjini alituletea maziwa, na zama zile, foleni za mchele zikizunguka mitaa, mtu wa kukuletea maziwa bila kuombwa alikuwa si mtu mdogo. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akanywa chai, akauliza hali, akaondoka. Alishamposa Shangazi kwa njia ya Bibi, na Bibi hakuwa na jibu la kumpa. Shangazi alikuwa mke wa mtu. Kumwoza haiwezekani, na kukaa eda haiwezekani, maana eda ni ya aliyefiwa au aliyeachwa, na yeye hakufiwa wala hakuachwa. Kadhi alikuwa tayari kuhukumu kwamba Ami Hafidh amekufa, kwa jinsi miaka ilivyopita. Lakini kadhi hamfuati mtu nyumbani. Ni lazima mke mwenyewe avae buibui, aende, aombe kwa kinywa chake.

"Mwanangu," nilimsikia Bibi akimwambia jikoni, "wewe huna mume na huna eda. Umekaa kama mtu alosahauliwa stendi. Mimi nkifa ntakuwacha na nani?"

"Nkiomba mimi, mama," Shangazi akajibu, "ntakuwa nimemuua mimi."

Walikuna nazi wote wawili, kila mtu na mbuzi wake, na hilo la kwenda kwa kadhi halikutajwa tena mpaka kitabu kilipokwisha.

Kilikwisha siku ya jua kali. Bi Zuhura alikuwa anasoma pole pole kuliko kawaida, na akina mama walikuwa wamesogea karibu, maana kurasa zilibaki chache na sisi hatujaambiwa lolote. Mke wa Bwana Tomasi yuko peke yake ndani, mvua inanyesha, mdogo mtu kasafiri, daktari kahama. Akasikia geti limefunguliwa. Akachukua mshumaa. Akashuka ngazi, akafungua mlango, akamwona aliyesimama nje, akasema...

Bi Zuhura akaweka kitabu mapajani.

"Akasema nini?" Mama Agnes akauliza.

"Basi. Pameishia hapo." Bi Zuhura akavua miwani. "Mwandishi aliumwa akafa. Hakuwahi kumaliza. Wazungu wenyewe mpaka leo wanabishana."

Mlikuwa na kelele chumbani kuliko siku zote. Bibi alihisi ametapeliwa, akataka kujua mtu gani anaanza jambo kubwa namna ile bila kumwachia mwanawe wasia. Kisha wakabishana mke alisema nini. Mama Agnes alisema kasema, "Karibu." Bibi akasema mwanamke mwenye akili, kwenye giza na mvua, atasema, "Nani wewe?" Bi Zuhura akadhani amepiga kelele, kwa sababu ni daktari karudi. Wakamgeukia Shangazi, kwa mara ya kwanza, wakamuuliza yeye. Shangazi alikata uzi kwa meno. "Mimi sijui," akasema. Akachukua kitabu kutoka mapajani mwa Bi Zuhura, akakifunga.

Asubuhi yake aliamka mapema, akaoga, akavaa buibui. "Mama, nipeleke kwa kadhi," alimwambia Bibi. Bibi alikuwa ameshika kikombe, chai ikamwagika.

Sikuambiwa kitu. Watoto wa zama zile hatukuambiwa, tulikuta tu mambo yamebadilika. Nilirudi kutoka chuoni, nilikokuwa nikisoma Kurani, nikamkuta Shangazi kavaa nguo nyeupe, amekaa chumbani kwake, pazia limeshushwa. Hana wanja, hana hina, hana mafuta mazuri. Hatoki, haonekani na wanaume. Wanawake wa mtaani wakaanza kuja mmoja mmoja na kanga zao kichwani, wanakaa, wanasema pole. Kizuka, mjane aliye edani, nilikuwa namjua ni nani. Kila nyumba ilishapata wake. Nilijua eda ni ya mume aliyekufa. Na mimi aliyekufa niliyemsikia nyumba nzima ikimzungumza, alasiri hadi alasiri, alikuwa mmoja tu.

Bibi kashinda, nikawaza. Kweli mdogo wake kamuua. Nikamlilia Bwana Tomasi kwa siri, chini ya ngazi, gizani, na ndevu zake nyekundu.

Chuoni wenzangu waliniuliza nani kafa kwetu. Nikawaambia, "Mume wa Shangazi. Mzungu." Wakasema muongo. Nikaapa. Nikawaambia habari za mwavuli mkavu, na mdogo mtu aliyepima mapazia, na glavu, na jinsi nilivyomwona mwenyewe kwa macho yangu Sokomuhogo. Chuo kizima kiliacha kusoma. Mwalimu, aliyekuwa anasinzia na bakora mkononi, akafumbua macho. Zama zile kutajwa pamoja na Mzungu haikuwa mzaha, na yeye alikuwa mtu wa heshima aliyesomesha nusu ya mtaa.

Alasiri tukasikia hodi. Bibi akatoka mpaka juu ya ngazi, mwalimu akabaki chini, kama adabu inavyotaka mbele ya nyumba yenye kizuka. Walisalimiana marefu. Kisha mwalimu akakohoa. Alisema amesikia jambo kwa mtoto, na yeye haamini, lakini kaona afadhali aulize mwenyewe kabla mtaa haujauliza. Je, ni kweli kwamba binti yake Bi Mkubwa anakaa eda ya Mzungu mwenye kiwanda cha mishumaa?

Bibi alikuwa hajaelewa. Nilimwona anageuza kichwa pole pole kunitazama, na mimi nikatafuta pa kuingia.

Ndipo kukatoka sauti nyuma ya pazia. Kwanza nilidhani Shangazi kapaliwa. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimepata kumsikia akicheka vile, kicheko cha msichana, cha kuishiwa pumzi, kinapanda kinashuka, na kila kikikaribia kwisha alisema, "Mishumaa!" kikaanza tena.

"We Salama! Kizuka hacheki!" Bibi akafoka, lakini na yeye mdomo ulishaanza kumcheza. Kule chini mwalimu akasema "Laa haula" na akaaga haraka. Nikasikia viatu vyake vinakwenda.

Niliingia ndani ya pazia. Shangazi alikuwa ameinama, uso ndani ya kanga nyeupe, mabega yanatikisika, na nilikaa pale nikiona fahari kwamba nimemchekesha, mpaka nilipofahamu kwamba kicheko kimekwisha zamani. Alilia vibaya. Alilia kwa sauti, naye mwanamke ambaye Bibi alisema hakutoa chozi hata siku ile ya Mlandege. Bibi akaja akakaa upande wa pili, akamshika kichwa. Jua la alasiri lilipita kwenye pazia likatutia rangi ya chai sote watatu. Nilimwambia Shangazi nyamaza, na mimi pia nilimpenda Bwana Tomasi. Akanivuta akanibana kifuani mpaka nikashindwa kupumua.

Eda ilipokwisha, akina mama walimwogesha, wakamfukiza udi, Mama Agnes akamshonea gauni. Bwana Haji akaja na watu wake. Shangazi akaolewa naye, akahamia Fumba, na katika vitu vyake alichukua kitabu, na alichukua mwavuli. Nakumbuka Bibi alimwambia, "Huo uwache, nyumba ya mume mwengine hiyo." Shangazi akauweka juu ya mzigo.

Nilikwenda Fumba kila likizo. Mwavuli ulitundikwa nyuma ya mlango, palepale penye desturi yake, na sikuona mtu anauchukua. Masika ya Fumba mnayajua yanavyopiga. Bwana Haji alitoka kwenda kwenye banda la ng'ombe na gunia kichwani, akapita mbele ya mwavuli ule, akaenda akarowa, akarudi akidondosha maji kizingitini. Nilidhani ni ushamba.

Nilipokuwa mtu mzima na Kiingereza changu, nikaomba kitabu nikisome. Ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya hadithi, uliniambia kwa maneno meupe kwamba mwandishi alifariki na kisa hiki hakina mwisho. Nikamfuata Shangazi uwanjani, alikuwa akipepeta mchele.

"Shangazi, Bi Zuhura alijua tangu mwanzo!"

"Alinambia siku ya kwanza, mlango tumefunga. Nkamwambia soma hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

Alipepeta kidogo, akapuliza makapi. "Hafidh mlikuwa hamumtaji. Nyumba nzima, mtaa mzima, mkifika kwenye jina lake mnaruka. Nlitaka nisikie watu wanamzungumza mtu alopotea bila ya kuniangalia usoni. Mama akisema kafa, nlikuwa nalia ndani kwa ndani. Agnes akisema yu hai, nampenda Agnes siku nzima. Mpaka nlipochoka. Nlipoona mtu anaweza kukifunga kitabu na hakijesha, nkenda kwa kadhi."

"Na Ami Hafidh je, alokwambia mwisho atakuhadithia mwenyewe?"

"Alijua haupo. Alitaka kunitungia."

Nikamuuliza basi, yule mke aliposhuka na mshumaa, akafungua mlango, alisema nini. Nilimwambia wote walitoa lao isipokuwa yeye. Ungo ukasimama mikononi mwake, kama ile sindano.

"Alisema, 'Umerowa,'" Shangazi akanijibu. "Utasema nini kingine?"

Hayo yote nilikuwa nayo mapajani siku ya hitima, na pilau inapoa. Watu walipopungua, Bwana Haji aliniita. Ni mzee sana sasa, anatembea kwa kushikwa. Shikamoo yangu aliipokea kwa kunibusu kichwa. Akamwambia mwanawe amshushie kitu nyuma ya mlango, na akaniwekea mikononi mwavuli mweusi wenye mkono wa pembe.

"Kitabu ushapewa. Na huu chukua."

"Si bora ukae nao wewe, ukumbusho wa Shangazi?"

"Haukuwa wake," akasema. "Wala wangu. Mimi nshakuwa wa leo kesho. Mwenyewe akija akanikosa, awepo wa kumpa."

Nimeutundika nyuma ya mlango wangu. Juzi mvua ilianza na mjukuu wangu anakwenda skuli, akanyoosha mkono. Nikamwambia auwache, una mwenyewe, achukue koti la plastiki. Akanuna, koti hakuchukua, watoto wa siku hizi. Mchana nikasikia mlango. Nilishuka kumfungulia, na pale kizingitini alikuwa amesimama na madaftari kifuani, maji yanamchuruzika.

"Umerowa," nikamwambia.